Fukuto la kaskazi: afya na usalama katika miezi ya joto Pwani

Joto la Pwani ya Afrika Mashariki huja na kaskazi. Upepo huo huanza kuvuma Desemba, miaka mingine mwishoni mwa Novemba, na hukaa hadi Machi. Katika miezi hiyo Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba hupata siku kali kuliko zote za mwaka. Wengi huiita kiangazi, na wapo wanaoiita chaka. Kwenye kipimajoto namba zenyewe hazitishi. Mchana wa Februari mjini Dar es Salaam huwa nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na siku mbaya hukaribia 35. Mkazi wa Khartoum, ambako nyuzi 40 ni jambo la kawaida, angeziona ndogo. Lakini hewa ya Khartoum ni kavu. Hewa ya Pwani imeshiba mvuke wa bahari, jasho halikauki, na usiku joto haliteremki sana chini ya nyuzi 25. Hali hiyo Kiswahili kimeipa jina lake, fukuto, na ndiyo inayowaumiza watu kuliko jua lenyewe.

Kilele chake huja mwishoni mwa msimu. Mwanzoni mwa Machi jua hupita utosini hasa mwa Dar es Salaam, na kwenye saa 6 na nusu mchana nguzo ya umeme haitoi kivuli. Majuma hayo kaskazi huwa imechoka na kusi haijaingia. Hicho ndicho kipindi cha maleleji: tanga hulala, makuti hayatikisiki, na shati lililovaliwa saa 2 asubuhi huwa limelowa kabla ya saa 4. Nafuu huletwa na mvua za masika.

Jasho lisilokauka

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na nyuzi 37 hivi, na muda wote hutengeneza joto: chakula kinapomeng'enywa, misuli inaponyanyua, moyo unapodunda. Joto hilo lazima litoke. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, hutoka lenyewe. Hewa inapokaribia joto la ngozi, njia kubwa inayobaki ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Neno la kushikilia hapo ni "ikikauka". Jasho linalotiririka mgongoni na kudondoka chini halijapoza kitu: maji yameondoka, chumvi imeondoka, joto limebaki.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa hali ya hewa hupima joto kwa njia mbili. Kipimajoto cha kawaida husoma hewa. Cha pili hufungwa kitambaa kibichi, na namba yake hushuka kadiri maji ya kitambaa yanavyokauka, kama ngozi yenye jasho. Mchana wa Pwani wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65, kitambaa kibichi husoma karibu nyuzi 27. Kikisoma 35, hata kijana mwenye afya aliyekaa tuli kivulini hawezi tena kujipoza, na saa chache za hali hiyo zinaweza kumuua. Kwa mzee, mgonjwa au mtu mwenye kazi nzito, kikomo huja mapema zaidi.

Upepo hubadili hesabu yote. Hewa inayopita juu ya ngozi hufagia mvuke uliotanda na kuacha nafasi ya jasho jingine kukauka. Ndiyo maana barazani penye upepo nyuzi 32 huvumilika, na ndani ya daladala iliyojaa kwenye foleni nyuzi hizohizo humwangusha mtu.

Mwili pia hujifunza. Mtu akikaa kwenye joto siku 7 hadi 14, jasho lake huanza mapema, huwa jingi zaidi, na chumvi inayopotea nalo hupungua. Ujuzi huo hauhifadhiki. Familia zinazotoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, zikakaa kwenye baridi ya mgombani majuma matatu, hurudi Januari zikiwa zimeupoteza kwa sehemu kubwa. Ndivyo ilivyo kwa mgeni wa Nairobi anayeshuka Mombasa kwa likizo, na kwa kibarua mpya anayetoka nyanda za juu na kupewa zege la kubeba siku ya kwanza. Kazini, siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa. Kibarua mpya anastahili kuanza na kazi pungufu na kuongezewa siku hadi siku.

Neno linaloponza wengi Pwani ni "tumezoea". Mazoea ya mwili yapo, lakini yana mpaka, na hayamlindi mtu aliyepungukiwa na maji, aliyelala vibaya au aliyebeba ugonjwa.

Wanaotangulia kuumia

Mzee hupungukiwa na kiu. Mwili wake unaweza kuwa mkavu ilhali hana hamu ya maji hata kidogo, hivyo bibi aliyekaa chumbani mchana kutwa akisema hana kiu hajasema kwamba hana upungufu. Apelekewe kikombe, na anayempelekea akae mpaka kiishe. Dawa nazo zina mchango. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za mzio hupunguza jasho. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa sababu ya joto, bali amuulize daktari kabla msimu haujapamba moto.

Mwenye selimundu huumia kwa njia yake. Maji yakipungua mwilini, chembe nyekundu za damu yake hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu makali hufuata. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huo, kwa hiyo chupa ya maji kwenye mkoba wa shule wa mtoto wa namna hiyo ni sehemu ya tiba. Mwalimu anayemzuia kunywa darasani au kwenda msalani hajui anachokizuia. Kwa mjamzito, joto kali huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati na ya kuzaa mtoto mfu. Anayetumia insulini ana jambo jingine la kutazama: chupa ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa haitakiwi kukaa juu ya nyuzi 30, kiwango ambacho chumba cha bati hukipita kila siku ya Februari. Pasipo na friji, chungu kidogo kikiwekwa ndani ya chungu kikubwa, na mchanga mbichi ukajazwa katikati, husaidia kupunguza joto la dawa.

Kisha kuna kosa la mtoto mchanga, linalorudiwa kila kiangazi kwa nia njema kabisa. Mtoto wa miezi mitatu analia, midomo imekauka, paji la uso lina jasho. Bibi mtu anasema mtoto ana kiu, apewe maji kidogo kwa kijiko. Hapewi. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba kabla ya miezi 6 mtoto anyonye tu, hata kwenye joto kali. Maji ya kijiko hujaza tumbo dogo lisilonyonya tena vya kutosha, na yakiwa si salama huleta kuhara, jambo ambalo kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji linaweza kuwa la mwisho. Wa kupewa maji ni mama. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi, avuliwe soksi, kofia na mablanketi, na alazwe penye hewa.

Shuleni, darasa la watoto 60 chini ya bati lisilo na dari ni tanuri kuanzia saa 5 mchana. Sudan Kusini ilifunga shule zote Machi 2024 kwa sababu ya joto, na ikafunga tena Februari 2025 baada ya wanafunzi kuanguka mjini Juba. Pwani haijafikishwa huko, lakini kuhamisha michezo na kazi za mikono kwenda saa za mapema asubuhi hakugharimu kitu.

Kwenye gari lililofungwa juani, joto hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10 za kwanza, na dirisha lililoachwa wazi kidogo halisaidii kwa maana. Mtoto haachwi humo hata kwa dakika za kununua mkate.

Kazi juani

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, ambao wengi wao ni wanawake, hawapangi saa zao; hupangiwa na bahari. Wakati wa bamvua, pwani ya mashariki ya Unguja hukauka zaidi kwenye saa 4 na saa 5 asubuhi. Hapo ndipo wanapoingia, maji yakiwafika magotini, wameinama juu ya kamba na vigingi, jua likipiga mgongoni kutoka juu na likiruka usoni kutoka kwenye maji. Nguo iliyolowa huwapoza kiasi, lakini mpaka maji yajae tena hakuna kivuli na mara nyingi hakuna maji ya kunywa. Dumu la lita 5 lililofunikwa kitambaa kibichi, kofia pana ya ukili, na kunywa kikombe kimoja kabla ya kuingia majini ni mambo madogo yenye faida kubwa. Ukweli mchungu ni kwamba joto hilohilo la maji huua mwani wenyewe: wengi wameacha aina ya cottonii yenye bei nzuri kwa sababu hufa maji yakiwa moto.

Mjini wapo wengine: saidia fundi anayepandisha ndoo za zege, kuli wa Kariakoo, msukuma mkokoteni, dereva wa bodaboda mwenye kofia ngumu isiyopitisha hewa, askari wa barabarani, machinga, na mama lishe anayekaa kati ya jua na majiko mawili ya mkaa. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba wafanyakazi bilioni 2.4 hukumbwa na joto kali kazini. Kipimo kinachotumika kwa kazi nzito ni kikombe cha maji kila dakika 15 au 20, bila kungoja kiu, na bila kupita lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi nayo hudhuru. Mapumziko yawe ya kivulini. Dakika 10 za kusimama juani si mapumziko.

Figo ndizo zinazolipa pale ambapo hayo hayafanyiki. Katika mashamba ya miwa ya Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakata miwa, wengi vijana wasio na kisukari wala presha, wameharibikiwa na figo baada ya misimu ya kazi nzito kwenye joto. Mashamba yaliyoweka utaratibu wa maji, kivuli na mapumziko yameona madhara yakipungua.

Nchi za Ghuba, ambako vijana wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania hufanya kazi za ulinzi, ujenzi na usafirishaji, zimeweka katazo la kisheria. Oman huzuia kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, Juni hadi Agosti. Qatar tangu 2021 huzuia kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Anayesafiri kwenda huko anapaswa kuijua haki hiyo kabla ya kupanda ndege. Na waajiri wa Pwani hawahitaji kungoja sheria: zege linaweza kumwagwa kuanzia saa 12 alfajiri, mchana ukaachwa, na kazi ikarejewa jioni.

Maji, chumvi na kiporo

Kipimo rahisi cha maji mwilini ni mkojo. Ukiwa wa rangi ya majani makavu, maji yanatosha. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, yamepungua tayari. Maji safi ya kawaida yanatosha kwa watu wengi siku nyingi, na ya mtungi hayana upungufu wowote mradi yamechemshwa na huchotwa kwa kata bila kuchovya mikono. Mtungi wenyewe hupoa kwa kutoa jasho kama mwili, kwa hiyo uwekwe penye upepo, si pembeni mwa kabati.

Madafu yanastahili sifa yake, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ilhali jasho hutoa sodiamu zaidi. Aliyetoa jasho siku nzima akinywa dafu ale na kitu chenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, maana potasiamu hiyo inaweza kumdhuru. Kwa aliyepungukiwa sana, pakiti ya ORS ndiyo bora. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, visivyo na kilima. Chumvi ikizidi hapo, dawa hugeuka kuwa sumu, hasa kwa mtoto. Soda haiondoi kiu kwa muda mrefu, na pombe hukausha mwili na kuharibu akili ya kutambua hatari. Kahawa chungu ya barazani kwa vikombe vyake vidogo haina neno.

Kuanzia 2025 hadi 2027 mwezi wa Ramadhani huangukia Februari na Machi, ndani ya fukuto lenyewe. Anayefunga anahitaji kuyagawa maji ya siku kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa mkupuo adhana ikilia. Uji, tikiti maji, matango, machungwa na mchuzi vyote huhesabiwa. Vyakula vya chumvi nyingi na vya kukaanga wakati wa daku huleta kiu mapema. Mgonjwa, mzee asiyeweza, mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto na msafiri wana ruhusa katika dini yenyewe, na anayeona dalili za hatari zinazoelezwa mbele hapaswi kuona aibu kufungua.

Chakula huharibika upesi msimu huu. Vijidudu hupenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na chumba cha Pwani kiko katikati ya hapo. Chakula kilichopikwa kisiachwe mezani zaidi ya saa 2. Hewa ikipita nyuzi 32, saa 1. Wali wa nazi ndio mwepesi kuchacha, na kuupasha moto hakutoshi kila mara, kwa kuwa baadhi ya sumu za vijidudu vya wali haziharibiwi na moto. Kiporo chenye harufu au utelezi kimwagwe. Barafu ya mitaani ni salama kwa kiasi cha usalama wa maji yaliyoigandisha, si zaidi.

Jua, nguo na ngozi

Pwani, kipimo cha mionzi mikali ya jua mchana hupita 11, daraja la juu kabisa, siku nyingi za msimu. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa, lakini macho hayana, na mwili hupata joto sawa. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni kivuli kitafutwe. Kanzu, kikoi, kanga na dera vilikubaliwa Pwani kwa sababu: pamba nyepesi, pana, isiyobana, inayoruhusu hewa kupanda kutoka miguuni hadi shingoni. Suti na tai katika ofisi isiyo na kiyoyozi ni mzigo unaoweza kuondolewa kwa waraka mmoja.

Kwa mtu mwenye ualbino jua hilo ni suala la uhai. Saratani ya ngozi huwapata wengi wao wakiwa bado vijana, na wengine hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa wamechelewa. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, miwani, na mafuta ya kukinga jua ni mahitaji yao ya kila siku. Mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC kimeshiriki kutengeneza mafuta ya namna hiyo, Kilisun, kwa ajili yao. Mafuta hayo ni dawa. Kuyachukulia kama vipodozi ni kosa.

Nyumba na usingizi

Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja hawakuwa na umeme, na nyumba zao bado zina somo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuchelewesha joto la mchana lisiingie mpaka usiku. Boriti za mikoko huruhusu vyumba vyembamba tu, na wajenzi wakafidia kwa kuviinua juu. Katikati ya nyumba ya Lamu kuna kiwanda, uwanja wa wazi ambamo hewa moto hupanda na kutoka. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Hata nyumba ya Kiswahili ya Magomeni na Kariakoo, yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na uani nyuma, ilikuwa bomba la upepo: mlango wa mbele na wa uani ikiwa wazi, hewa hupita moja kwa moja.

Nyumba nyingi mpya zimeyaacha hayo. Tofali la saruji la inchi 6, bati tupu, madirisha ya vioo upande mmoja, ukuta wa uzio uliozuia upepo, na miti iliyokatwa ili gari lipite. Marekebisho yapo na si ya gharama kubwa: dari yoyote chini ya bati, rangi nyeupe au chokaa juu ya bati lenyewe ili mwanga wa jua urudi ulikotoka, matundu ya hewa juu ya milango, madirisha yanayotazamana, mwarobaini au mkungu upande wa magharibi. Mapazia yafungwe upande wenye jua na kufunguliwa likihama. Feni na pangaboi zinafaa sana Pwani kwa kuwa hewa haifiki nyuzi 40. Mahali inapopita hapo, feni humpulizia mtu joto.

Usiku kuna mtego. Chandarua hupunguza upepo, na kwenye fukuto watu wengi hukitupa pembeni saa 6 usiku. Mbu wanaoeneza malaria huuma sana usiku wa manane na alfajiri. Badala ya kukiacha, feni isogezwe karibu, chandarua kifungwe juu na kitanuliwe kisigusane na mwili, na mtu aoge kabla ya kulala bila kujifuta kabisa.

Dalili na huduma ya kwanza

Joto huanza kwa kubisha hodi. Harara huota shingoni na mgongoni. Huponywa na hewa, kuoga na nguo pana, wala haihitaji mafuta mazito yanayoziba zaidi. Misuli ya miguu na tumbo hukakamaa kwa waliotoa jasho jingi. Wapumzike, wanywe maji yenye chumvi kidogo. Kisha huja uchovu wa joto: jasho jingi, ngozi yenye ubaridi na unyevu, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Mtu huyo alazwe kivulini, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, anywe kidogokidogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe hospitali.

Kiharusi cha joto ni jambo jingine kabisa, na hakina uhusiano na kiharusi cha kupooza. Joto la mwili limepita nyuzi 40 na ubongo umeanza kuathirika: mtu huongea maneno yasiyoeleweka, huwa mkali bila sababu, huyumba kama mlevi, hupata degedege au huzimia. Wengi huamini kwamba ngozi lazima iwe kavu. Si lazima, aliyeanguka akiwa kazini au mchezoni mara nyingi bado ana jasho. Pwani kosa la kawaida ni kudhani ni malaria na kumpa panadoli. Panadoli hushusha homa, na hii si homa. Haitashusha kitu, na inaweza kuumiza ini ambalo tayari limeumia.

Wanaokwenda Hija wanapaswa kuzijua dalili hizo kwa moyo. Juni 2024, joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilipita nyuzi 51, na Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301, wengi wao wasio na vibali rasmi, waliotembea mwendo mrefu juani bila mahali pa kupumzika. Hewa ya huko ni kavu, jasho hukauka kabla halijaonekana, na Mswahili aliyezoea kulowa hudhani hapotezi maji. Mwavuli, maji mkononi na kutoona haya kukaa chini ndiyo kinga.

Kwa kiharusi cha joto dakika ndizo tiba. Mgonjwa aliyepozwa ndani ya nusu saa tangu kuanguka ana nafasi kubwa sana ya kupona. Aliyefungwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi kwa saa nzima ya foleni ana nafasi ndogo. Avuliwe nguo nzito, atumbukizwe hadi shingoni kwenye maji baridi, iwe ni kwenye pipa au turubai lililoinuliwa pembe na watu wanne, huku mtu mmoja akishika kichwa. Pasipo na chombo cha kumtosha, amwagiwe maji ndoo baada ya ndoo bila kukoma, na barafu iwekwe shingoni, kwapani na kinenani. Kanga iliyolowa peke yake haitoshi, kwa kuwa kwenye hewa yenye mvuke haikauki upesi. Ibadilishwe kila inapopata joto na apepewe kwa nguvu. Aliyezimia asinyweshwe chochote; alazwe ubavu. Simu ya gari la wagonjwa ipigwe huku maji yakimwagwa, na kupoza kuendelee mpaka fahamu zirudi au mhudumu wa afya ampokee. Watu waliomzunguka wasogee, wampishe hewa, na kila mmoja wao alete ndoo.